Flu ya Makusudi

Kuna neno moja fupi ambalo mpiga picha wa Bujumbura hapendi kabisa kulisikia kinywani mwa mteja: flu. Limetoka kwenye Kifaransa, na likitamkwa mbele ya picha za harusi maana yake ni kwamba sura haikushika, macho yamepotea, kazi imeharibika. Harusi hairudiwi. Bwana na bibi hawawezi kuitwa wiki ijayo wavae upya na wakate keki upya mbele ya wajomba na mashangazi walewale. Ndiyo maana mpiga picha wa mtaa wa Kinindo, sawa na mwenzake wa Bwiza au Buyenzi, akipata fedha hununua lenzi kali kadiri mfuko wake unavyoruhusu, lenzi inayohesabu nyuzi za kitambaa na ukope mmoja mmoja.

Kifaransa hichohicho, hata hivyo, kina jina la flu ya aina nyingine: flu artistiki, flu ya kisanaa. Hiyo haitokani na mkono uliotetemeka wala fokasi iliyokosewa. Inatokana na kioo kilichosuguliwa makusudi ili kitoe picha laini, na kwa zaidi ya miaka mia moja viwanda vya Uingereza, Marekani, Ujerumani na Japani vimetengeneza lenzi za namna hiyo kwa ajili ya picha za sura za watu. Leo nyingi zimo makabatini mwa wazee, kwenye minada ya intaneti, na mikononi mwa vijana wanaozifunga kwenye kamera za kidijitali kwa adapta. Mazungumzo ya leo yanazihusu lenzi hizo, na yanashikilia jambo moja: kwa sura ya Mrundi na kwa mwanga wa ufukwe wa Tanganyika, lenzi laini ni chombo kizuri sana, mradi anayeishika ajue mwanga wake unamwagikia wapi.

Flu hizo mbili zitenganishwe kwanza. Picha iliyokosa fokasi haina sehemu kali hata moja usoni; kope, pua na shavu vyote vimeyeyuka pamoja. Picha ya lenzi laini ukiisogelea utaona kope, utaona mpaka wa mdomo, utaona hata kovu dogo la utotoni juu ya nyusi. Ila juu ya hayo yote umetandazwa utando mwembamba wa mwanga, kama shela ya bibi harusi. Uso uko nyuma ya shela, na unaonekana.

Sababu iko kwenye umbo la kioo. Lenzi yenye mgongo wa mviringo haipindi mwanga wote sawasawa. Miale inayopita pembezoni hupinda zaidi na kukutana mapema. Ile ya katikati huenda mbele kidogo ndipo ikutane. Mafundi wa vioo wanaihesabu hali hiyo kuwa kasoro, na wamepambana nayo kwa vizazi kwa kuunganisha vioo vya aina mbalimbali hadi miale yote ikubali kukutana mahali pamoja. Mtengenezaji wa lenzi laini anaiacha kasoro hiyo ibaki, lakini kwa kipimo. Miale ya katikati inachora picha kali, ya pembezoni inaongeza mng'ao kuzunguka kila kinachong'aa, na picha mbili zinakaa juu ya nafasi moja.

Kwa hiyo tundu la lenzi ndilo usukani. Tundu likiwa wazi kabisa, tuseme f/4, shela ni nzito. Kwenye f/5.6 inakuwa nyepesi. Ukifika f/8 miale ya pembezoni imezuiwa, na lenzi ileile iliyokuwa inaota ndoto inageuka kuwa kali kama lenzi nyingine yoyote. Anayenunua lenzi ya namna hii bila kulijua hilo ataipiga kwenye f/8 chini ya jua la saa sita mchana, kisha atalalamika kwamba ameuziwa lenzi ya kawaida kwa bei ya ajabu.

Historia yake ni ndefu na imejaa ugomvi. Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyezaliwa Calcutta, alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Akapiga sura za watu kwa karibu, kubwa, laini, na wapiga picha wenzake wakamlaumu kwamba hajui kazi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1866, John Henry Dallmeyer wa London alipata hataza ya lenzi ya picha za sura ambayo sehemu yake ya nyuma ilizungushwa ili kuongeza au kupunguza ulaini. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Pinkham & Smith ya Boston ikawatengenezea wasanii lenzi laini, na Wollensak ya Rochester ikaleta Verito, iliyoingia katika studio nyingi za Marekani. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1932 kule San Francisco kundi la wapiga picha, wakiwemo Ansel Adams na Edward Weston, lilijiita f/64, yaani tundu dogo kabisa, ili kutangaza kwamba picha ya kweli ni ile iliyo kali kila kona. Weston mwenyewe alikuwa ameanza kazi yake kwa picha laini. Tangu hapo fokasi laini ikaanza kuonekana kama mtindo wa mabibi wa zamani, na mpaka leo haijaondokewa kabisa na fedheha hiyo. Haikuistahili.

Katika lenzi zote za ukoo huo, moja inastahili kushikwa mkononi na kutazamwa polepole: Imagon ya Rodenstock ya Ujerumani. Mawazo yake yalitoka kwa Heinrich Kühn, mpiga picha aliyeishi Innsbruck, akishirikiana na fundi wa vioo Franz Staeble, na ilitengenezwa tangu mwanzo wa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1990. Ndani yake kuna vioo viwili tu vilivyogandishwa pamoja. Ajabu yake iko mbele, kwenye visahani vya bati vinavyochomekwa mdomoni mwa lenzi. Kila kisahani kina tundu kubwa katikati, na kulizunguka kuna vitundu vidogo vidogo kama vya chujio la chai. Tundu la katikati linapitisha miale inayochora picha kali. Vitundu vya pembeni vinapitisha ile inayoleta ukungu. Juu ya kisahani kuna bati jingine linalozunguka: ukilisukuma kwa kidole vitundu vinafunguka, ukilirudisha vinafumba. Mpiga picha anapima ukungu kama mpishi anavyopima chumvi, huku anautazama ukiongezeka na kupungua kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

Thambar ya Leica, milimita 90, ya mwaka 1935, ilifuata njia nyingine. Inakuja na kichujio cha kioo chenye doa dogo katikati. Doa hilo linazuia miale ya katikati, ile iliyo kali, na kuiachia ya pembezoni nafasi. Zilitengenezwa kama 3,000 tu. Leica ilipoifufua mwaka 2017 iliiuza kwa zaidi ya dola 6,000, fedha ambayo Bujumbura inaanzisha biashara.

Asiye na fedha hiyo asikate tamaa, kwa maana Wajapani waliionyesha dunia njia ya bei nafuu karibu miaka mia moja iliyopita. Kodak ilikuwa imeuza kamera ndogo ya mfukoni, Vest Pocket, kuanzia mwaka 1912. Toleo lake la bei ya chini lilikuwa na lenzi sahili, na mbele yake kiwanda kiliweka pete ya kuziba pembezoni ili kasoro isionekane. Wapenzi wa picha wa Japani wakaing'oa pete. Kasoro ikatoka nje, na ilikuwa nzuri! Kamera ya watu wa kawaida ikawa inatoa picha laini zilizopendwa kwa miaka mingi, na kitendo hicho cha kung'oa pete kikapata jina lake katika Kijapani. Fundi wa kamera wa Bujumbura ambaye kila siku anafufua vifaa vilivyotupwa na wengine angewaelewa watu hao bila mkalimani.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ulaini wake, ila mara nyingi uliletwa na mkono baada ya picha kupigwa. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na vijana, wachumba na familia nzima wakapanga foleni ili watoke kama nyota wa sinema. Katika studio za enzi hizo fundi aliketi mbele ya negativu iliyomulikwa kwa nyuma, penseli imechongwa kama sindano. Kwenye negativu mkunjo wa uso ni mstari mwangavu. Penseli ikiujaza kwa uvumilivu, nukta baada ya nukta, kwenye karatasi mkunjo unatoweka. Wengine wakamalizia kwa rangi ya mkono kwenye midomo na kitenge. Mteja wa pwani, kama mteja wa Usumbura, jina la Bujumbura wakati huo, hakwenda studio kukaguliwa. Alikwenda aonekane kama anavyotamani kukumbukwa.

Sasa tufike kwenye kiini, jambo ambalo maelezo mengi ya lenzi hizi hayaligusi. Lenzi laini ilikuwa ikitumika kwa sura nyeupe, nywele za dhahabu zilizopigwa taa kwa nyuma, ngozi iliyopakwa poda. Lakini ukungu wake una tabia moja isiyobadilika: hutoka kwenye kinachong'aa na kumwagikia kwenye kilicho cheusi. Haurudi nyuma. Mkalishe mama mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, au mbele ya ziwa na anga wazi, ufungue lenzi laini mpaka mwisho. Mwanga wa ukuta utavuka mpaka wa shavu na kuingia usoni. Ngozi itapauka, itakuwa kama imepakwa jivu, na macho yatazama. Mpiga picha atalaumu lenzi, mama atajilaumu mwenyewe, na kosa ni la ukuta.

Geuza kiti. Weka nyuma yake kitu cheusi: mlango wa mbao, kivuli cha mwembe, pazia zito. Mwanga uje kwa ubavu. Sasa kinachong'aa kuliko vyote kwenye picha ni uso wenyewe: paji, mgongo wa pua, mfupa wa shavu. Ukungu unatoka usoni kwenda nje. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa vimulimuli vyenye mipaka wazi, hasa ikiwa imepakwa mafuta kidogo, na lenzi laini hukichukua kila kimulimuli na kukipa taji. Poda, iliyokuwa lazima katika studio za Ulaya, hapa ni hasara. Inaua kile ambacho lenzi inakitafuta.

Hii si mara ya kwanza chombo cha picha kuletwa na mazoea ya ngozi nyingine. Kwa miaka mingi Kodak ilisambazia maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na filamu zikasawazishwa kwa ngozi yake. Malalamiko ya watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri, yalichangia kuifanya kampuni iboreshe rangi hizo za kahawia. Lenzi haina kadi. Inatii mwanga tu, na mwanga unaweza kupangwa na mtu yeyote mwenye kiti na mlango.

Na Kinindo ina mwanga wa kupangwa. Mtaa huu wa kusini mwa Bujumbura uko jirani na ziwa, na jua la jioni huwajia wakazi wake kutoka upande wa Kongo, kupitia juu ya maji. Katika miezi ya kiangazi, hasa wa saba na wa nane, vumbi na moshi hujaa hewani kiasi kwamba kuna siku milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, haionekani kabisa. Wapo wanaodhani ukungu huo unatosha, kwamba asili imeshafanya kazi ya lenzi. Hapana. Ukungu wa hewani unafunika kilicho mbali na kukiacha kilicho karibu; mtu aliyekaa hatua nne kutoka kwa kamera haguswi nao. Kazi yake ni nyingine: unaligeuza jua kali kuwa taa pana na tulivu, na hiyo ni nusu ya kazi.

Fikiria baraza, saa kumi na nusu jioni. Mama amevaa imvutano, kitambaa kinachong'aa kimefungwa begani. Kiti kimeingizwa ndani kiasi cha mita moja, mlango wa mbao uko nyuma, mwanga wa magharibi unaingia kwa upande wa kushoto. Lenzi si ya kifalme. Ni Canon ya milimita 135, f/2.8, iliyotoka mwaka 1987 na yenye pete ya ulaini ya alama tatu: 0, 1 na 2. Picha ya kwanza inapigwa kwenye 0, ili mama na mpiga picha wazoeane na ili kuwe na picha kali ya akiba. Kisha pete inapelekwa kwenye 2 na tundu linafunguliwa lote. Hereni zinawaka kama vibatari, ukingo wa imvutano unatoa mng'ao mpana, na macho yanaanza kufifia. Ni mengi mno. Pete inarudi 1, tundu linafungwa kidogo mpaka f/3.5, fokasi inawekwa upya kwenye jicho lililo karibu. Hilo la fokasi lisisahaulike: kwa lenzi hizi sehemu kali husogea kila ulaini unapobadilishwa, basi ulaini huchaguliwa kwanza na fokasi hufuata. Sasa bega linang'aa bila kupiga kelele, mng'ao wa paji umeenea taratibu hadi kwenye mzizi wa nywele, na mikunjo miwili ya pembeni mwa jicho ipo palepale.

Tundu likifungwa hadi f/5.6 hivi kwenye lenzi hiyo, ulaini karibu wote umekwisha. Eneo la kufanyia kazi ni dogo. Kulijua kunahitaji jioni kadhaa za kupiga hovyo, na mtoto wa nyumbani mwenye subira ya kukaa kitini.

Minolta ilikuwa na yake pia, Varisoft ya milimita 85, ya mwaka 1978. Mwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha ndani anaweza kuifunga kwa adapta na kuona ukungu moja kwa moja kwenye kioo cha kutazamia kabla ya kubonyeza. Verito na Imagon ni habari nyingine: nyingi zilikusudiwa kamera kubwa za sanduku, nzito, zenye mvukuto, na anayezitaka ajiandae kwa useremala kidogo.

Anayenunua kwa mbali awe mwangalifu, maana wauzaji wengine huita laini kila lenzi chafu. Kuvu ni adui wa kwanza. Hewa ya unyevu inaipenda, nayo hutambaa juu ya kioo kama utando wa buibui na mwisho hukila. Gundi ya kuunganisha vioo ikichoka huachia, na pembeni huonekana rangi za upinde wa mvua. Ukungu wa uchafu hauna kiini kikali ndani yake. Unapunguza nguvu ya picha nzima na haupungui unapofunga tundu. Hicho ndicho kipimo rahisi: mwombe muuzaji picha mbili za kitu kimoja, tundu likiwa wazi na likiwa f/8. Kama zote mbili zimepauka sawasawa, lenzi ni mgonjwa. Tena, Imagon isiyo na visahani vyake na Thambar isiyo na kichujio chenye doa ni nusu ya chombo, na bei iwe nusu. Ikishafika nyumbani, ikae mahali pakavu penye mwanga, isifungiwe kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati.

Kijana atauliza, na ana haki: kwa nini gharama yote hii wakati simu inalainisha ngozi kwa kidole kimoja? Jibu liko kwenye kovu lile la juu ya nyusi. Programu ya simu inautafuta mkunjo, doa na kovu, kisha inavifuta na kupaka ngozi iliyobuniwa. Mara nyingi inaongeza na weupe usioombwa. Lenzi haijui kovu ni nini. Haiondoi chochote. Inaongeza mwanga palipo na mwanga, na mtu anabaki yeye, mwenye umri wake na miaka yake. Kwa picha ya bibi itakayowekwa sebuleni na kutazamwa na wajukuu ambao hawakumwahi, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Ila picha hiyo lazima ichapishwe. Kwenye simu, kwa ukubwa wa kiganja, utando wa mwanga hauonekani. Jicho linaona tu picha isiyo kali sana, na neno flu linarudi kinywani. Sentimita 20 kwa 30 zinatosha, kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu karatasi inayong'aa hurudisha taa ya chumba na kugombana na mng'ao wa picha yenyewe. Mama atapokea bahasha, atatoa picha, ataishika mbali kidogo kama wafanyavyo watu wa umri wake. Kisha ataisogeza karibu na dirisha na kutafuta kovu lake.